Chokaa ilipotangulia: udongo wa Bonde la Cache na maharagwe ya dada yangu

Mwezi wa sita dada yangu alinitumia picha ya maharagwe. Katika familia yetu mtu aliyesomea udongo ni mmoja tu, mimi, kwa hivyo kila jani linalougua, liwe la kwetu Kakamega au la ughaibuni, huishia kwenye simu yangu. Haya yalikuwa maharagwe ya Logan, mji ulio kaskazini mwa jimbo la Utah, Marekani, alikohamia na mumewe. Majani machanga ya juu yalikuwa ya njano kama ndimu mbivu, lakini mishipa yake ilibaki kijani, utadhani imechorwa kwa kalamu. Majani makuukuu ya chini hayakuwa na neno.

"Nimeyatilia majivu kama mama alivyokuwa akifanya," aliandika, "na maji nayapa kila jioni. Mbona yanazidi tu?"

Majivu hayakuwa na faida yoyote pale, na maji ya kila jioni ndiyo hasa yaliyokuwa yakiyaumiza. Lakini ukimwambia hivyo mtu aliyelelewa shambani Kakamega atakuona umechanganyikiwa. Kwetu mvua ni nyingi, udongo ni mwekundu, na karne kwa karne maji yameosha kalsiamu na kuacha tindikali. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana pH (kipimo cha tindikali: kadiri kilivyo chini ndivyo tindikali ilivyo kali) iliyo chini ya 5.5, ndiyo maana afisa wa kilimo husema nunua chokaa, na ndiyo maana mama, ambaye hakuwahi kusikia habari za pH, alimwaga majivu ya jikoni kwenye mboga. Majivu yana kalsiamu na hupunguza tindikali. Alikuwa sahihi kabisa, kwa udongo wake.

Huko Logan chokaa ilitangulia kabla ya mkulima wa kwanza. Milima ndiyo iliyoimwaga, ikasambazwa na maji, na imo humo kwa kiasi ambacho mtu wa Kakamega akionyeshwa hesabu yake hucheka.

Milima, ziwa na mto

Bonde la Cache liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, limebanwa kati ya milima ya Wellsville upande wa magharibi na safu ya Bear River upande wa mashariki, na ncha yake ya kaskazini inaingia jimbo la Idaho. Safu hiyo ya mashariki kwa sehemu kubwa ni mawe ya chokaa na dolomiti, masalia ya bahari iliyokuwapo kabla ya enzi ya dinosaria. Dolomiti ni ndugu wa jiwe la chokaa, tofauti yake ni kwamba ndani yake kalsiamu imeigawia magnesiamu nafasi. Barafu huyapasua mawe hayo kila majira ya baridi, vijito huyasaga, na Mto Logan hushusha unga wake bondeni.

Bondeni hapo palikuwa na ziwa. Wakati wa enzi ya barafu sehemu kubwa ya magharibi mwa Utah ilifunikwa na Ziwa Bonneville, lililofikia takriban kilomita za mraba 51,000, yaani kubwa kuliko Tanganyika na dogo kuliko Viktoria, lenye kina cha zaidi ya mita 300. Mahali mji wa Logan ulipo leo palikuwa chini ya maji kwa zaidi ya mita 150. Kisha, takriban miaka 18,000 iliyopita, maji yalipata mwanya kwenye kipito cha Red Rock, kaskazini mwa bonde hilihili, yakabomoa kizuizi cha mashapo na kufurika kuelekea Mto Snake. Ziwa likashuka kwa zaidi ya mita 100. Lilipotulia liliacha ngazi ubavuni mwa milima, na ngazi hizo bado zinaonekana kwa macho, zimenyooka kama zilizochorwa kwa rula. Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia aliyezipima na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1890, alizisoma kama sisi tunavyosoma alama ya kahawa kikombeni. Ziwa Kuu la Chumvi la Utah ndicho kibaki cha Bonneville.

Ziwa tulivu huchagua chembe. Kokoto na mchanga hutua karibu na mdomo wa mto, mfinyanzi mwepesi huelea na kwenda kutua katikati, na katikati ya hao wawili hutua chembe za wastani. Baada ya ziwa kuondoka, vijito vya milimani viliendelea kutandaza mashapo kwenye midomo ya mabonde kwa umbo la upepeo. Ndiyo sababu ukivuka Bonde la Cache kutoka mlimani hadi katikati unavuka tabia tatu za udongo: kokoto karibu na mlima, kisha ukanda wa udongo laini, mwepesi kulimika, halafu katikati mfinyanzi mzito, mahali pengine wenye maji yaliyosimama na chumvi. Walowezi Wamormoni walioanzisha Logan mwaka 1859 walichimba mifereji kuleta maji kwenye ule ukanda wa pili. Waliujua kwa jembe.

Ukanda huo una udongo wa aina kadhaa. Mmoja uliochunguzwa sana unaitwa Millville, jina la mji mdogo ulio kusini mwa Logan. Hiyo ndiyo desturi ya Wamarekani: aina ya udongo hupewa jina la mahali ulipoelezwa kwanza, na kwa sasa wana majina ya namna hiyo zaidi ya 20,000. Kwa istilahi zao Millville ni udongo tifutifu wa mchangatope (chembe za wastani, kati ya mchanga na mfinyanzi), wenye tabaka jeusi juu, ulio katika kundi ambalo kabonati, yaani chokaa mbichi ya jiwe, huzidi asilimia 40 ya uzito wake.

Soma tena nambari hiyo. Ukijaza debe, karibu nusu yake ni mlima uliosagwa.

Mtungi, kiganja na siki

Nilimwambia dada afanye majaribio matatu kabla hatujaendelea kuzungumza, maana udongo hausomeki kwenye picha.

La kwanza ni la mtungi. Unatia udongo mpaka theluthi ya mtungi wa kioo, unaongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, unatikisa kwa nguvu, unauweka mezani. Mchanga hutua kabla hujamaliza kuhesabu hadi 60. Mchangatope huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kungoja siku nzima na zaidi. Mtungi wa dada ulionyesha tabaka jembamba la mchanga chini, kofia nyembamba ya mfinyanzi juu, na katikati mkanda mnene wa kijivu uliokula zaidi ya nusu ya kimo.

Mkanda huo ndio mchangatope, na unastahili maelezo maana lugha yetu ya kila siku haiupi heshima yake. Tunasema kichanga, tunasema mfinyanzi, na vilivyo katikati tunaviita tope basi. Chembe ya mchanga unaiona na kuihisi. Chembe ya mfinyanzi ni bapa, ndogo kuliko milimita 0.002, inanata na ina chaji ya umeme inayoshika virutubisho. Mchangatope uko kati ya milimita 0.002 na 0.05, kama unga wa ngano ulivyo mdogo kuliko mchele na mkubwa kuliko masizi. Hausagi meno kama mchanga na haunati kama mfinyanzi. Ukiulowesha na kuusugua kati ya kidole gumba na cha shahada unateleza kama poda ya mtoto. Hilo ndilo jaribio la pili, la kiganja. Unafinyanga kimkanda, kinatoka kwa shida, kinakatika kikiwa kifupi. Mfinyanzi ungetoa utepe mrefu.

La tatu ni siki. Dada alichukua bonge kavu, akalidondoshea siki ya jikoni, akanitumia video badala ya picha. Bonge lilichemka. Povu dogodogo lilipanda na sauti ya kama soda iliyofunguliwa karibu na sikio. Asidi inapokutana na kabonati hutoa kaboni dioksidi, na wataalamu shambani hubeba kichupa cha asidi kali zaidi kwa kazi hiyohiyo. Kwetu Kakamega ungemwaga chupa nzima ya siki usione hata kiputo. Kuna ujanja mmoja hapo: dolomiti ni mkaidi, jiwe lake halitoi povu la maana mpaka ulikwaruze upate unga. Udongo unaotokana na dolomiti unaweza kuchemka kwa unyonge na bado ukawa umejaa chokaa.

Hapa niondoe mkanganyiko unaonijia kila mara. Chokaa hii si ile ya kupaka ukuta. Ya ukutani, kama ile iliyochomwa kwa matumbawe ikajenga Lamu na Kilwa, imepitia tanuri na ni kali, huunguza ngozi. Ya udongoni ni jiwe bichi, pole. Wala si magadi. Magadi ni ya sodiamu, na udongo uliojaa sodiamu hupanda pH kupita 8.5, chembe zake husambaratika, ukinyeshewa unakuwa uji na ukikauka unakuwa saruji. Kalsiamu hufanya kinyume: hukusanya chembe kuwa vidonge vidonge. Wala si chumvi, ingawa vyote vitatu hung'aa vyeupe juu ya ardhi kavu. Watu huona weupe wakasema "udongo wa chumvi" na kuanza kuumwagia maji kuosha. Chumvi huoshwa. Chokaa, kwa kipimo cha maisha ya binadamu, haioshwi.

Inavyopanda na kushuka

Lakini husogea, polepole, na mwendo wake ndio unaoupa udongo huu sura yake.

Logan hupata takriban milimita 450 za mvua na theluji kwa mwaka. Dodoma, ambayo hakuna anayeisifu kwa mvua, hupata zaidi ya hapo. Na sehemu kubwa ya maji hayo huja majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, wakati mimea imelala. Theluji ikiyeyuka maji huzama. Mizizi na vijidudu vya tabaka la juu hupumua, hewa ya udongoni huwa na kaboni dioksidi mara kumi na hata mara mia ya ile ya juu, na maji yakiichukua hugeuka kuwa asidi dhaifu inayoweza kuyeyusha chokaa kidogo. Kidogo hicho hushuka na maji mpaka pale maji yanapoishiwa nguvu. Huko chini mizizi hunywa maji, hewa hutoka, chokaa hubaki. Ni kazi ileile inayotia utando mweupe ndani ya birika la mtu anayechemsha maji ya kisima.

Mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Miaka elfu kumi inaonyesha. Ukichimba shimo utakuta juu tabaka jeusi au la kahawia, lililotiwa rangi na mizizi ya nyasi zilizokufa hapo kizazi baada ya kizazi. Kadiri unavyoshuka rangi inafifia, kisha unaanza kuona nyuzi nyeupe ndani ya vitundu vya mizizi ya zamani kama utando wa buibui, na kokoto ukizipindua zina ndevu nyeupe upande wa chini, maana tone la maji huning'inia chini ya jiwe kabla ya kukauka. Kwenye maeneo yenye mvua nyingi kidogo tabaka hili jeupe liko chini sana. Kwenye ukame liko karibu na uso. Mtaalamu akiliona kina chake anakisia mvua ya mahali.

Dada alichimba nyuma ya nyumba, pale maharagwe yalipokuwa njano zaidi. Jembe liliingia kidogo tu akakuta weupe. Alipochimba karibu na ua wa jirani, ambako kuna miti mizee ya tufaha, alipata udongo wa rangi ya kahawa mpaka urefu wa jembe zima. Nilimuuliza nyumba yao ina umri gani. Mpya. Basi: mjenzi alisawazisha kiwanja, akakwangua tabaka jeusi, akalipakia kwenye lori au akalifukia, na bustani ikabaki juu ya tumbo la udongo badala ya ngozi yake. Hilo hutokea kila mahali wanapojenga, hata Kitengela, lakini kwenye udongo wa chokaa gharama yake ni kubwa, kwa sababu kilicho chini hakifanani hata kidogo na kilicho juu.

Chuma kimo, hakiliki

Chokaa ikishakuwa nyingi hivyo huacha kuwa kiungo kimoja kati ya vingine. Inakuwa ndiyo mwenye nyumba. Inaifunga pH karibu na 8, na haijali unatia nini. Ukileta asidi, chokaa inaila na kutoa povu, pH inarudi palepale. Karibu kila tabia nyingine ya udongo huu, nzuri na mbaya, inatokana na ukaidi huo.

Chukua madini ya chuma. Udongo wa Logan una chuma tele, mara nyingi kuliko mmea utakavyohitaji maisha yake yote. Lakini kila pH inapopanda kwa hatua moja, uyeyukaji wa chuma chenyewe hupungua mara elfu. Kwenye 8 chuma kimekuwa kutu. Mmea kama maharagwe una mbinu yake: mizizi hutema asidi na kukibadili chuma kiwe cha aina inayonyweka. Kakamega mbinu hiyo inafanya kazi bila jasho. Hapa, kila tone la asidi linalotemwa linakutana na ukuta wa chokaa.

Ndipo maji ya kila jioni yanapoingia. Udongo wenye chembe ndogo ukilowa kupita kiasi, hasa machipuko kukiwa bado baridi, vinyweleo vyake hujaa maji na hewa ya mizizi inakosa pa kutokea. Kaboni dioksidi inarundikana, chokaa inayeyuka, na maji yanajaa baikabonati, ambayo huzima ile asidi ya mizizi na kuvuruga usafiri wa chuma ndani ya mmea wenyewe. Dada aliona njano akadhani kiu. Akanywesha. Njano ikaongezeka, akanywesha tena.

Kwa nini majani ya juu tu? Kwa sababu chuma kikishawekwa kwenye jani hakihami. Nitrojeni huhama: ikipungua, mmea huivua majani ya zamani na kuwapelekea wachanga, kwa hivyo njano huanzia chini. Chuma hakipelekwi, kwa hivyo mtoto ndiye anayekosa. Ukikumbuka hilo moja unaweza kutofautisha magonjwa haya mawili bila maabara, na hutanunua yurea kutibu ukosefu wa chuma, kosa ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye shahada.

Mimea haiko sawa mbele ya chokaa. Shayiri na ngano, kama nyasi nyingine, hutema kutoka mizizini kemikali inayokikamata chuma hata kwenye pH ya juu, kwa hivyo haziugui ovyo. Lusini (alfalfa), majani ya kulisha mifugo, inaupenda udongo huu, na ndiyo maana bonde zima lina ng'ombe wa maziwa na sifa ya jibini. Mapichi, rasiberi, maharagwe na miti ya mepo (maple) ya pambo huteseka. Bluberi, inayotaka pH ya 5 hivi, usijisumbue.

Fosforasi nayo ina kisa chake. Kakamega mbolea ya DAP ukiirusha shambani inakamatwa na chuma na aluminiamu. Logan inakamatwa na kalsiamu, inageuka polepole kuwa kitu kinachoelekea kufanana na mfupa. Adui tofauti, msiba uleule. Dawa pia inafanana: usiirushe, iweke mstari karibu na mbegu, ili mzizi uifikie kabla ya chokaa. Hata kipimo cha maabara kinabidi kibadilike. Vipimo vilivyobuniwa kwa udongo wa tindikali huchota fosforasi kwa asidi, na asidi hiyo huliwa na chokaa kabla ya kufanya kazi, kwa hivyo majibu yanakuja ya uongo. Mwaka 1954 Sterling Olsen na wenzake wa idara ya kilimo ya Marekani walichapisha njia ya kutumia sodiamu baikabonati yenye pH ya 8.5, yaani kwenda na tabia ya udongo badala ya kushindana nayo. Hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kwenye udongo wa namna hii duniani kote. Ukipeleka sampuli maabara, uliza wanatumia ipi.

Yurea ikiachwa juu ya udongo huu hupotea hewani kama amonia. Harufu yake kali asubuhi ni pesa yako inayoondoka. Ifukie au inyeshee mara moja. Zinki ni ya kuangaliwa kwenye mahindi na maharagwe. Hayo yatosha kwa upande wa lawama.

Upande ambao watu husahau kuutaja

Maana huu si udongo mgonjwa. Ningepewa ekari moja Cache na ekari moja ya mwekundu uliochoka wa kwetu, nikaambiwa mfereji wa maji upo, nisingefikiri mara mbili.

Kwanza hakuna sumu ya aluminiamu, ile inayokata ncha za mizizi kwenye udongo wa tindikali. Mizizi inashuka inapotaka. Pili ni maji. Mchanga una vinyweleo vikubwa, maji yanapita. Mfinyanzi una vidogo mno, maji yamo lakini yameshikwa kwa nguvu ambayo mzizi haushindi. Mchangatope uko kwenye kipimo cha katikati, na kwa hivyo una maji mengi yanayonyweka kuliko wote wawili: kama milimita 170 hadi 200 katika kila mita moja ya kina, wakati mchanga una chini ya nusu ya hizo. Lusini wakati wa joto inakunywa tuseme milimita 6 kwa siku. Ukiiachia itumie nusu ya akiba ya mita ya kwanza, una wiki mbili kabla ya kuhitaji zamu nyingine ya mfereji. Kwenye bonde ambalo kiangazi hakinyeshi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kulima na kutolima.

Si ajabu basi kwamba chuo cha kilimo kilichoanzishwa Logan mwaka 1888 kilizaa wataalamu wa mwendo wa maji udongoni. Willard Gardner alifundisha hapo, na mwanafunzi wake Lorenzo Richards, mzaliwa wa Utah, aliandika mwaka 1931 mlinganyo ambao programu nyingi za kompyuta zinazokokotoa maji ya udongo bado zinautumia. Udongo wa Millville umepimwa kwenye maabara hizo mara nyingi. Mtu anayekaa kati ya mifereji lazima atauliza siku moja maji yanakwenda wapi.

Udhaifu wake wa kimwili ni mmoja, nao unatokana na mchangatope, si chokaa. Chembe zake hazina gundi. Tone zito la mvua au la mashine ya kunyunyizia likipiga udongo uliolimwa ukawa unga, vidonge hupasuka, chembe huziba vitundu, na jua likitoka uso unakauka kuwa ukoko, ukoko kweli kama wa sufuria ya wali. Mche wa maharagwe unaotoka na shingo iliyopinda unagonga ukoko huo na kuvunjika. Kwenye mteremko ndio udongo unaochukuliwa na maji kwa urahisi kuliko karibu wote, kwa kuwa chembe ni ndogo za kubebeka na hazishikani vya kutosha kukataa. Kalsiamu husaidia kushikanisha, lakini kinachoshikanisha hasa ni mboji, na pale mjenzi alipokwangua, mboji haipo.

Alichofanya dada

Swali lake la kwanza lilikuwa lile la kila mtu: si nitie salfa nishushe pH? Salfa ileile wakulima wa korosho wa Mtwara wanayoipuliza kwenye mikorosho, vijidudu vya udongoni huigeuza asidi. Kwenye bustani nyingi duniani ni ushauri mzuri. Tukapiga hesabu pamoja kwa simu. Bustani ya mita 10 kwa 10, kina cha sentimita 20, ni tani 26 hivi za udongo. Asilimia 40 yake ni tani 10 za chokaa. Kila tani 100 za chokaa zinahitaji tani 32 za salfa kuisha, kwa hivyo angehitaji zaidi ya tani 3, na mwisho wa safari angebaki na tani 17 za jasi nyuma ya nyumba. Alinyamaza kidogo. "Na hapo ni juu tu?" Ni juu tu.

Kwa hivyo pH tuliiacha ilipo. Alipunguza maji: anachimba kwa kijiko cha bustani, na kama udongo wa kina cha kidole bado unafinyangika, anaacha. Hilo peke yake lilirudisha kijani kwenye nusu ya mistari ndani ya wiki mbili. Kwa iliyobaki alinunua chuma kilichofungwa ndani ya kemikali iitwayo EDDHA, unga mwekundu kama damu unaochafua vidole, ghali, lakini ndio unaovumilia pH hii. Ile ya bei rahisi, EDTA, hukiachia chuma mapema mno, na salfeti ya chuma ya kawaida huwa kutu kabla haijaonja mzizi. Kupuliza chuma kwenye majani pia hufaa, ila jani linalochipuka kesho huja njano tena.

Kisha samadi. Jirani mwenye ng'ombe alimpa lori zima bila malipo, akaitandaza nene juu ya weupe na kufunika na nyasi kavu, ili ukoko usijifanye. Tabaka jeusi lililochukua maelfu ya miaka halirudi kwa lori moja, lakini mizizi haihitaji maelfu ya miaka, inahitaji sentimita 15 za kuanzia. Rasiberi aliyokuwa ameipanda kando ya ukuta ameihamishia kwenye pipa lenye udongo wa kununua. Pale palipokuwa na rasiberi ameotesha lusini kidogo kwa ajili ya sungura wa watoto, na lusini hiyo haijui kama kuna tatizo.

Majivu ya jiko la kuni hayatupi. Theluji ikiganda anayamwaga kwenye kijia cha mlangoni, watu wasiteleze.